Mashine ya boti inapowaka leo na kugoma kesho

Miongoni mwa maombi yanayofika katika kamati za misikiti ya katikati ya jiji la Dar es Salaam ni la mvuvi anayetaka kukopeshwa, bila riba, fedha za kununua mashine mpya ya boti. Akiulizwa ile ya zamani imepatwa na nini, hujibu kwamba huwaka inapotaka. Alfajiri huondoka Feri bila taabu. Mchana, akiwa katikati ya maji, huvuta kamba mpaka mkono ukafa ganzi. Akiipeleka kwa fundi, huwaka kwa mvuto wa kwanza, na fundi hukosa la kutengeneza.

Tumeona suala hili lina nafasi katika ukurasa wa familia kwa kuwa hasara yake haibaki baharini. Fedha za kodi ya chumba na ada ya madrasa hugeuka kuwa vipuri, na kipuri kilichonunuliwa kwa kubahatisha ni nadra kurudishwa dukani. Kubwa kuliko fedha ni roho za watu. Mkondo wa bahari wa pwani yetu huelekea kaskazini, na upepo wa kusi huuongezea nguvu. Boti iliyozimikiwa mbali na nchi kavu haisimami mahali pamoja. Husukumwa, huku mama na watoto wakihesabu saa nyumbani.

Tunalousia kwanza ni kwamba hitilafu ya kuja na kuondoka hutafutwa kwa kumbukumbu kabla ya kutafutwa kwa fedha. Mashine inayogoma mara moja moja ina kitu kinachobadilika: joto, maji, mtikisiko au mafuta. Mwenye boti awe na daftari dogo. Kila inapogoma aandike: ilikuwa ya baridi au imekwisha kupata moto? Ilizimika ghafla au ilidhoofika kwanza? Mafuta yalinunuliwa wapi na lini? Asiyejua kuandika amsimulie mwanawe wa shule. Baada ya safari chache daftari hilo litamsaidia fundi kuliko maelezo ya kukumbuka kwa shida.

Kisha yaanze yasiyo na gharama. Gia iwe huru, na kibanio cha kamba ya usalama kikae sawasawa mahali pake, kwani kikilegea mashine haiwaki hata iwe mpya. Tundu la hewa la mfuniko wa tenki lifunguliwe. Likifungwa, mashine huenda vizuri kwa muda, kisha hunyimwa mafuta na kuzimika. Mfuniko ukifunguliwa hupona kana kwamba haikuwa na kasoro. Mpira wa kupampu mafuta kwa mkono uwe na mshale unaoelekea kwenye mashine, na ukibinywa uwe mgumu. Usipokuwa mgumu, yapo mahali mafuta yanapovuja au hewa inapoingia.

Ikiwa hayo yote ni salama, plagi ifunguliwe papo hapo mashine inapogoma. Ikitoka kavu, mafuta hayafiki: itazamwe mipira, chujio na kabureta. Ikitoka imelowa petroli, mafuta yanafika lakini huenda cheche haipo, au choki imevutwa kupita kiasi. Plagi ifutwe na choki irudishwe kabla ya kujaribu tena. Upimaji wa cheche aachiwe fundi, mbali na petroli na sigara. Mashine inayogoma ikiwa ya moto na kuwaka ikipoa humwelekeza fundi kwenye koili. Inayogoma baada ya kurushiwa maji humwelekeza kwenye nyaya na swichi ya kuzimia, ambazo chumvi huzila polepole. Kibadilishwe kitu kimoja kwa wakati mmoja, ama sivyo hakuna atakayejua kilichoponya.

Mafuta nayo yachunguzwe. Kiasi kidogo kitiwe katika chupa nyeupe na kuachwa kitulie. Maji yakiwamo yatakaa chini. Mashine nyingi za mipigo miwili hutumia sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili, yaani mililita 400 kwa lita 20, ila kitabu cha mashine husika ndicho cha kufuatwa. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huifanya mashine iwe ngumu kuwaka ikiwa ya baridi. Uchakachuaji wa mafuta uliitia nchi hasara kiasi kwamba mwaka 2011 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuukomesha.

Hapo ndipo linapoingia soko letu la Kariakoo. Plagi bandia hufanana na halisi, na mnunuzi huijua akiwa baharini. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (SAW) alipita penye lundo la nafaka sokoni, akatia mkono ndani na kukuta unyevu uliofichwa chini. Muuzaji alipotaja mvua, Mtume alimhoji kwa nini hakuuweka juu watu wauone, na akajitenga na mwenye kughushi. Muuza vipuri aliyeswali nasi safu moja aseme wazi kipi ni halisi na kipi si halisi. Mnunuzi naye adai risiti. Malalamiko ya bidhaa bandia hupokewa na Tume ya Ushindani.

Kwa kamati zenzetu, tunashauri ombi la mkopo wa mashine liambatane na daftari na kauli ya fundi mwaminifu. Huenda ndugu yetu anahitaji mpira na plagi mbili tu, na fedha iliyobaki ikamfaa mjane.

Ama mashine ambayo chanzo cha kugoma kwake hakijajulikana, isitoke nayo mtu peke yake. Atoke na boti ya pili, makasia, plagi ya akiba na jaketi la kuokolea kwa kila aliyemo. Asipovipata, abaki nchi kavu siku hiyo. Riziki ya siku moja hufidiwa. Baba wa watoto hafidiwi. Wabillahi tawfiq.