Kongwe, Dogo, Lililoinama: Rekodi za Makanisa ya Vijijini Ulaya

Mnamo 1450 hivi, watu wa Suurhusen, kijiji cha kaskazini mwa Ujerumani karibu na pwani, walivunja sehemu ya kanisa lao la karne ya 13 na mahali pake wakasimamisha mnara wa matofali. Ardhi ya huko ni kinamasi, hivyo chini waliweka magogo ya mwaloni. Hawakukosea. Gogo likizama majini hewa hailipati, na lisipopata hewa haliozi; mnara ukakaa hivyo kwa karne kadhaa. Karne ya 19 maji yakakaushwa ili watu wapate mashamba. Hewa ikapenya, magogo yakaoza, na upande mmoja wa mnara ukaanza kudidimia. Mwaka 1975 ulifungwa kwa hofu ya kuanguka, ukaimarishwa, na miaka kumi baadaye ukafunguliwa tena.

Leo umeinama kwa nyuzi 5.19. Mnara wa Pisa, ambao mafundi waliunyoosha kidogo, una nyuzi 3.97 tu. Kilele cha Suurhusen kimetoka nje ya msingi wake kwa karibu mita mbili na nusu. Ukining'iniza timazi kutoka juu, itatua uwanjani, mbali na ukuta. Kitabu cha rekodi cha Guinness kiliutambua kuwa ndio mnara ulioinama kuliko yote bila kukusudiwa. Taji hilo lilidumu hadi 2022, pale mnara wa Gau-Weinheim, kijiji kingine cha Ujerumani, ulipopimwa na kukutwa na nyuzi 5.43. Sijui mashindano mengine ambayo mshindi ni yule ambaye msingi wake ulimwangusha zaidi.

Makanisa mengi ya vijijini yenye rekodi yamezipata kwa njia kama hiyo, bila kuzitafuta. Zama za kati, kijiji kilichoneemeka kwa biashara ya sufu kilibomoa kanisa la mababu na kujenga kubwa zaidi. Kilichokosa fedha kilibaki na lile la zamani, na leo ndicho kinachopokea watalii.

Escomb, katika jimbo la Durham nchini Uingereza, lilijengwa karne ya 7 na ni miongoni mwa makanisa makongwe kabisa ya nchi hiyo yaliyobaki karibu mazima. Mawe yake yaliletwa kutoka ngome ya Warumi ya Binchester, iliyokuwa imeachwa. Waashi hawakujali yameandikwa nini: ukutani lipo jiwe la Jeshi la Sita la Roma, maandishi yake yakiwa kichwa chini. Saa ya jua iliyochongwa ukutani inatajwa kuwa kongwe kuliko zote Uingereza zilizobaki pale pale zilipowekwa. Hata hivyo mwaka 1863 kijiji kilijenga kanisa jipya, hili likaachwa na paa likaharibika, mpaka lilipokarabatiwa miaka kumi na kitu baadaye.

Kwa ukongwe wa makanisa ya mbao, Ulaya nzima inaitazama Greensted, jimboni Essex. Kuta zake ni magogo ya mwaloni yaliyopasuliwa katikati na kusimamishwa wima, mgongo wa mviringo ukiwa nje na upande bapa ndani, ambako alama za tezo bado zinaonekana. Zamani ilidhaniwa ni la mwaka 845 hivi. Katika miaka ya 1990 wataalamu walihesabu pete za miti hiyo wakapata kati ya 1063 na 1100. Umri ukapungua kwa zaidi ya karne mbili, lakini rekodi ikabaki palepale. Sehemu za chini za magogo zilikuwa zimeoza, zikakatwa katikati ya karne ya 19 na kuwekewa matofali. Kwa hiyo ukuta unaouona ni mfupi kuliko ule wa mwanzo.

Dogo kuliko yote? Culbone, Somerset, linadai ndilo dogo kati ya makanisa ya parokia ya Uingereza yaliyo kamili. Urefu wake ni mita 10.7, waumini wapatao thelathini wanalijaza, na gari halifiki: unaacha gari pwani, unapanda msituni kwa miguu.

Norway ndiko kulikokuwa na makanisa mengi ya mbao yenye nguzo wima, huenda zaidi ya 1,000. Yamebaki 28. Kongwe zaidi ni Urnes, la 1130 hivi, na kubwa zaidi ni Heddal. Mengi yalikwishapotea zamani, na sheria ya 1851 ikayamaliza mengine: ilitaka kanisa litoshe watu watatu kati ya kila kumi wa parokia, na yale ya kale yalikuwa madogo mno.

La Vang, lililouzwa hata kabla ya sheria hiyo, ndilo lililosafiri mbali. Mchoraji J. C. Dahl alihangaika kuliokoa, na mwaka 1841 likanunuliwa kwa ajili ya mfalme wa Prussia, Friedrich Wilhelm IV. Lilibomolewa ubao kwa ubao, likapakiwa melini hadi Szczecin, kisha likapelekwa Berlin. Mfalme akabadili mawazo. Likapandishwa milimani Silesia, ambako sasa ni Poland, na kuwekwa wakfu mwaka 1844 pale Karpacz. Pembeni ulijengwa mnara wa mawe kulikinga na upepo wa mlima Śnieżka. Vang wenyewe walikuwa wameshahamia kanisa lao jipya, lenye nafasi ya kutosha.