Kudundisha, chenga na ubao: istilahi tatu za mpira wa kikapu

Kitenzi dunda, kinapotumika kwa mpira, hakihitaji yambwa: mpira hudunda, yaani hurudi juu baada ya kugonga chini. Anayesababisha tendo hilo huudundisha. Umbo la kutendesha ni dundisha, si *dundesha, kwa kuwa irabu u ya mzizi huandamana na -ish-, kama ilivyo katika fundisha na rudisha. Uwanjani husikika pia «anadunda mpira», na hakuna anayepotoshwa. Upotoshaji huanza pale kitenzi hiki kinapoachwa na mahali pake kuchukuliwa na msamiati wa kandanda.

Katika kandanda, mchezaji anayesonga na mpira huku akiwapita wapinzani husemwa kuwa anapiga chenga. Baadhi ya wafasiri huhamisha usemi huo moja kwa moja hadi kwenye mpira wa kikapu. Hata hivyo, chenga ni hadaa: shabaha yake ni mpinzani. Kudundisha ni namna ya kuutawala mpira, hata mchezaji akiwa peke yake uwanjani. Mtu anaweza kudundisha bila kumpiga yeyote chenga, na anaweza kupiga chenga kwa bega au kwa macho huku mpira umetulia mikononi. Kwa hiyo sentensi «Mchezaji haruhusiwi kupiga chenga mara mbili» inaunda kanuni isiyokuwapo, inayomkataza mchezaji kuwahadaa wapinzani wawili.

Tafsiri «kudundisha mara mbili» nayo ina kasoro yake. Msomaji mgeni ataelewa kwamba mpira usiguse chini zaidi ya mara moja, ilhali idadi ya midundo haina kikomo. Kwa mujibu wa kanuni za FIBA, kudundisha huanza mchezaji mwenye mpira anapoutupa, anapoupiga au anapouviringisha sakafuni, kisha akaugusa tena kabla haujamgusa mchezaji mwingine. Huisha anapougusa kwa mikono miwili kwa wakati mmoja, au anapouacha utulie katika mkono mmoja au yote miwili. Kinachokatazwa ni kuanza mara ya pili baada ya kumaliza. Umbo linalobeba maana hiyo bila utata ni kudundisha upya. Hali zinazomruhusu mchezaji kudundisha upya ni tatu: mpira umemtoka kwa sababu alirusha kufunga, umeguswa na mpinzani, au pasi yake au mpira uliomponyoka umemgusa mchezaji mwingine.

Neno kosa pia lahitaji uangalifu. Kudundisha upya na kutembea na mpira ni ukiukaji: timu hupoteza mpira, nao wapinzani huurusha kutoka nje ya mstari. Kumsukuma au kumshika mpinzani ni faulo, ambayo huandikwa kwa jina la mchezaji. Chini ya FIBA, akifikisha 5 hutoka. Mwalimu akiviita vyote viwili «kosa», mwanafunzi anaweza kudhani kwamba kutembea na mpira mara tano kutamtoa mchezoni.

Istilahi ya tatu ni ubao. Neno hili halina mpinzani, lakini lina maana nyingi: ubao wa darasani, ubao wa matangazo, ubao wa matokeo. Mpira wa kikapu ulibuniwa mwaka 1891 huko Springfield, Marekani, na James Naismith, ambaye alitundika vikapu vya matunda kwenye kingo za roshani. Ubao uliongezwa baadaye, ili watazamaji wa roshani wasiuguse mpira. Leo una upana wa mita 1.80 na kimo cha mita 1.05, na pete imefungwa mita 3.05 kutoka sakafuni. Matini inapotaja pia ubao wa matokeo, inafaa kuandika ubao wa kikapu.

Mtego mkubwa zaidi, hata hivyo, umo katika kivumishi cha kumiliki: «ubao wake» ni upi? Katika lugha ya FIBA, kikapu cha timu ni kile inachokilinda, na kile inachokishambulia ni cha wapinzani. Katika kanuni za NBA ni kinyume: kikapu cha timu ni kile inachojaribu kukifunga. Mfasiri anayeandika «ubao wake» katika matini zote mbili huwa amehifadhi neno na kupoteza maana.

Athari yake huonekana katika tukio moja. Mchezaji amemaliza kudundisha, anautupa mpira kwa makusudi kwenye ubao wa kikapu anachokishambulia, bila nia ya kufunga, kisha anaudaka. Chini ya FIBA, tendo hilo ni halali na halihesabiwi kuwa kudundisha. Anaweza kurusha au kutoa pasi, lakini hawezi kudundisha upya. Chini ya NBA anaweza, kwa kuwa mpira umegusa «ubao wake».

Tanzania hucheza kwa kanuni za FIBA, lakini wengi huitazama NBA, hasa tangu Hasheem Thabeet achaguliwe wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa mwaka 2009. Kwa hiyo kanuni za aina mbili hukutana katika kichwa cha mwanafunzi mmoja. Fikiria mwalimu wa michezo mahali kama Masieda, wilayani Mbulu, anayeandaa timu kwa ajili ya UMISSETA. Wengi wa wanafunzi wake huzungumza Kiiraqw au Kidatooga nyumbani, na Kiswahili wamekipata kama lugha ya pili. Ikiwa kanuni inawafikia kwa maneno kabla hawajaiona ikitekelezwa, neno lililochaguliwa vibaya ndilo linalokuwa kanuni, na watalijua kosa lake siku mwamuzi atakapopuliza filimbi.

Matumizi yanayopendekezwa:

dundisha: kuuongoza mpira kwa kuugongesha chini kwa mkono. «Alidundisha hadi katikati ya uwanja.»

dundisha upya: kuanza kudundisha baada ya kumaliza. «Aliudaka kwa mikono miwili, kisha akadundisha upya; mpira ukapewa wapinzani.»

piga chenga: kumhadaa mpinzani, kwa mpira au bila mpira. «Alimpiga chenga mlinzi bila kuudundisha mpira.»

ubao wa kikapu: ubao ulio nyuma ya pete. Badala ya «ubao wake», andika ubao wa kikapu wanachokishambulia au ubao wa kikapu wanachokilinda. Sentensi itarefuka kwa maneno machache, lakini mwamuzi na mchezaji wataisoma kwa maana moja.