Spika zipo sokoni, masomo hayapo

Agosti 2004, Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani kiliwagawia wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza, zaidi ya 1,600, iPod za GB 20, vifaa vya Apple vya kusikilizia sauti, pamoja na kinasa sauti cha kuchomeka. Mradi uligharimu karibu dola 500,000. Mwaka uliofuata chuo kikaacha kugawa kwa kila mtu; zikapewa kozi zilizokuwa na kazi nazo. Na kazi ilionekana, hasa kwenye lugha: mwanafunzi hurudia matamshi hadi ulimi uzoee, bila kumchosha mwalimu.

Mwaka 2007 Apple wakafungua iTunes U, ghala la mihadhara ya vyuo iliyotolewa bure, wao wakiendelea kuuza vifaa. Mwaka huohuo ikatoka iPhone, na simu ikalimeza soko. Mei 2022 Apple wakatangaza mwisho wa iPod.

Kwetu Tanzania, sauti iliingia darasani kwa njia ya redio. Zanzibar, mradi wa RISE uliofadhiliwa na USAID, shirika la misaada la Marekani, ulitengeneza vipindi vya Tucheze Tujifunze: nyimbo, hadithi na maswali, mtangazaji akinyamaza kidogo ili watoto wajibu. Ni ufundishaji mzuri sana, ila kipindi cha redio kikipita kimepita. Mvua ikipiga bati, au darasa likichelewa kukaa, somo limepotea. Kifaa cha MP3 humrudishia mwalimu mamlaka: anasimamisha, anarudisha nyuma, anaendelea watoto wakiwa tayari.

Kifaa chenyewe si tatizo tena. Spika ndogo za kichina zenye tundu la flashi na memori kadi zimejaa soko la Kariakoo, Dar es Salaam, na vijana wa kuingiza nyimbo kwenye kadi wako kila mtaa. Bidhaa inayokosekana ni somo lenyewe. Gharama zake karibu zote hutangulia: mtunzi anayeujua mtaala, mwalimu wa kulijaribu darasani, sauti za kuigiza, studio. Likishakamilika, kulinakili hakugharimu kitu, na hapo ndipo mwekezaji anapoogopa, kwa kuwa shule moja ikinunua, jirani zake wataomba flashi.

Kwa hiyo siamini kwamba soko huria litalijaza pengo hili. Mnunuzi awe serikali, ilipe mara moja kwa kila somo, kisha iruhusu linakiliwe bila kikomo. Hapo kijana wa memori kadi, anayetoza kidogo kwa kila kadi, atakuwa msambazaji wa bei nafuu kuliko lori lolote la vitabu.