Tathmini ya kazi ikikuchoma moyo, chunga unapotema nyongo

MWEZI wa Juni na ule wa Desemba huwa na joto lake katika ofisi nyingi nchini, wala si joto la hali ya anga. Serikalini mwaka wa kifedha hufungwa tarehe 30 Juni, nazo kampuni nyingi za kibinafsi hufunga hesabu zao Desemba. Huo ndio wakati meneja huwaita wafanyakazi mmoja mmoja, mlango ukafungwa, na fomu ya tathmini ya utendakazi ikawekwa mezani.

Chukua mfano wa karani aliyefanya kazi ya watu wawili mwaka mzima baada ya mwenzake kustaafu na nafasi yake kuachwa wazi. Anaketi, anaitazama fomu na kuona kuwa amepewa alama tatu kwa tano. Anapouliza sababu, anajibiwa kwamba mwezi Machi alichelewesha ripoti moja, na kwamba, kwa vyovyote vile, idara imeruhusiwa kuwapa watu wawili pekee alama ya tano. Anatia sahihi bila kusema neno, anatoka, na kabla ya saa sita adhuhuri amekwisha kumwaga ya moyoni katika kundi la WhatsApp la ofisi, huku akimtaja msimamizi wake kwa jina la mnyama.

Karani huyu ni wa kubuni, lakini wengi watamtambua. Katika asubuhi hiyo moja alinyamaza mahali alipopaswa kusema, kisha akasema mahali alipopaswa kunyamaza. Yote mawili yana uzito mbele ya sheria, na yanaweza kumgharimu kazi.

Kupimwa kazini si jambo geni hapa Kenya. Kwa miaka mingi watumishi wa umma waliandikiwa ripoti ya siri, na aliyeandikwa hakujua yaliyosemwa juu yake hata aliponyimwa cheo. Mwaka 2004, chini ya utawala wa Rais Mwai Kibaki, mashirika 16 ya serikali yaliingizwa katika mpango wa kandarasi za utendakazi, na baadaye wizara zikafuata. Kuanzia Januari 2016, Tume ya Huduma za Walimu (TSC) ilieneza mfumo wake wa tathmini, TPAD, katika shule za umma kote nchini. Chama cha walimu, KNUT, kiliupinga vikali. Miongoni mwa malalamiko ya walimu ni kuwa aliyefundisha mahali pasipo na stima wala mtandao alilazimika kusafiri hadi mjini na kulipia intaneti kutoka mfukoni mwake, ili akajaze alama zake mwenyewe.

Je, alama hizi hupima nini hasa?

Mnamo 2000, watafiti watatu wa Marekani, Steven Scullen, Michael Mount na Maynard Goff, walichapisha uchunguzi wa alama ambazo mameneja 4,492 walipewa na wakubwa wao, wenzao na walio chini yao. Waligundua kuwa zaidi ya nusu ya tofauti za alama hizo zilitokana na mazoea ya mtoaji alama, wala si kazi ya anayepimwa. Kuna msimamizi mkunjufu anayegawa nne na tano kama njugu, na kuna mwenye mkono wa birika ambaye kwake tatu ni sifa kubwa. Ukihamishwa kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine, alama yako itashuka ilhali kazi yako ni ile ile.

Hata maoni yanayotolewa kwa nia njema huweza kuharibu. Avraham Kluger na Angelo DeNisi, walipokusanya mwaka 1996 matokeo ya tafiti nyingi zilizotangulia kuhusu suala hili, waliona kuwa kwa wastani kumweleza mtu jinsi anavyofanya kazi humwongezea ufanisi. Hata hivyo, katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo hayo kazi ilizorota. Maoni yalielekea kudhuru pale yalipomwondoa mtu kwenye kazi iliyo mbele yake na kumfanya ajitazame nafsi yake. Kumwambia mtu "ripoti ilikosa jedwali la matumizi" si sawa na kumwambia "wewe ni mzembe."

Kuhusu ule mgao wa alama, ambapo ni lazima wachache wawe juu na wengine wawe chini hata kama wote wamefanya vyema, msimamo wangu ni kuwa huo si upimaji bali ni bahati nasibu. Kampuni ya General Electric ya Marekani, chini ya Jack Welch, ilisifika kwa kuwatenga asilimia 10 ya wafanyakazi wa mwisho kila mwaka, na wengi wakaiga. Microsoft iliuacha mfumo wa aina hiyo mwaka 2013. Mtaalamu wa ubora wa bidhaa, W. Edwards Deming, alikuwa amekwisha kuitaja tathmini ya kila mwaka kuwa mojawapo ya maradhi sugu ya usimamizi katika kitabu chake cha mwaka 1986.

Basi hasira ya karani wetu ina msingi. Swali ni aipeleke wapi.

Imani iliyoenea ni kwamba hasira ni kama mvuke ndani ya sufuria iliyofunikwa: usipoutoa, kifuniko kitaruka. Mawazo haya yana ukoo mrefu. Aristotle wa Ugiriki ya kale alisema kuwa mchezo wa tanzia husafisha hisia za mtazamaji, na mwishoni mwa karne ya 19 Josef Breuer na Sigmund Freud walidai kuwa hisia zilizofungiwa ndani huzaa maradhi. Siku hizi zipo biashara, Marekani na Japan miongoni mwa nchi nyingine, zinazomtoza mteja ada ili apewe rungu na chumba kilichojaa sahani na mitambo mikuukuu aivunjevunje.

Inaonekana tiba hiyo haifanyi kazi. Brad Bushman, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwachunguza wanafunzi 600 wa chuo kikuu waliokuwa wamekasirishwa makusudi, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2002. Kundi moja lilipiga gunia la ndondi huku likimfikiria aliyewaudhi. Kundi la pili lilipiga gunia huku likifikiria mazoezi ya mwili. Kundi la tatu halikufanya lolote ila kuketi kimya kwa dakika chache. Waliopiga huku wakimfikiria adui yao ndio waliobaki na hasira kali zaidi, na waliokaa kimya ndio waliokuwa na ukatili mdogo zaidi.

Mwaka 2024, Bushman pamoja na Sophie Kjærvik walichapisha uchanganuzi wa tafiti 154 zilizohusisha watu 10,189. Mambo yanayoutuliza mwili, kama kupumua polepole, kutafakari, yoga na kulegeza misuli, yalipunguza hasira. Yale yanayouchemsha mwili hayakuipunguza, na kukimbia hata kulielekea kuizidisha. Si kwamba kukimbia ni kubaya, kwani kunafaa moyo. Lakini hasira yenyewe ni moyo kwenda mbio na misuli kukaza, kwa hivyo anayezunguka Uhuru Park mbio akimlaani meneja huongeza kuni motoni.

Vivyo hivyo kwa gumzo la kantini. Kuna rafiki atakayekusikiliza, kisha akuulize, "Lakini ile ripoti ya Machi ilikuwaje?" Huyo anakusaidia kuona upya. Yupo mwingine ambaye kila ukisema moja huongeza lake, na mnapoachana saa moja usiku, wote wawili mna hasira kuliko mlivyoanza. Kuhusu chupa, nitasema tu kuwa Sheria ya Ajira inamruhusu mwajiri kumfuta mara moja aliyelewa saa za kazi hadi asiweze kazi yake.

Njia moja iliyochunguzwa sana ni kuandika. Tangu miaka ya 1980, James Pennebaker wa Marekani amekuwa akiwataka watu waandike kwa takriban dakika 15 kwa siku, siku tatu au nne mfululizo, kuhusu jambo linalowauma, bila kujali tahajia wala sarufi. Katika utafiti wake na wenzake uliochapishwa mwaka 1994, wataalamu waliofutwa kazi walioandika kwa namna hii kuhusu masaibu yao walipata ajira mpya haraka kuliko wale ambao hawakuandika. Maandishi hayo ni ya mwandishi mwenyewe, na anaweza kuyachoma akimaliza. Kwa hivyo yasiandikwe kwenye kompyuta ya ofisi, na yasitumwe kwa yeyote.

Wanawake wa Pwani walikuwa na hekima yao katika jambo hili. Aliyeudhiwa na jirani alinunua leso yenye jina linalofaa, akajifunga, akapita nayo mlangoni taratibu. Ujumbe ulifika, ilhali hakuna tusi lililotamkwa ambalo mtu angeweza kulipeleka kwa mzee wa mtaa.

Ofisini, hata hivyo, leso haitoshi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 44, inaorodhesha makosa ambayo huhesabiwa kuwa utovu mkubwa wa nidhamu, na mojawapo ni kutumia lugha ya matusi au kumdharau mwajiri au mtu aliyewekwa kuwasimamia wengine. Maana yake ni kuwa karani aliyekuwa na kosa dogo la kuchelewesha ripoti amejitwika kosa kubwa kwa ujumbe mmoja wa simu, na picha ya ujumbe huo yaweza kufika mezani kwa meneja kabla hajamaliza chai.

Kinyume chake, sheria hiyo humlinda aliyeshikilia suala la utendakazi. Kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri anayekusudia kumfuta mtu kwa utendakazi duni amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe, na asikilize utetezi wao. Kifungu cha 43 kinamtwika mwajiri jukumu la kuthibitisha sababu hizo. Mahakama ya Ajira na Leba imeeleza katika kesi mbalimbali kuwa mwajiri anapaswa kuonyesha kuwa alikuwa na mfumo wa kupima kazi, kwamba alimjulisha mfanyakazi kasoro zake, na kwamba alimpa nafasi ya kujirekebisha.

Hapo ndipo fomu iliyotiwa sahihi kimyakimya huwa mwiba. Mwajiri ataitoa mahakamani na kuuliza: kama hukukubaliana, mbona hukusema?

Fomu nyingi huwa na nafasi ya maoni ya mfanyakazi, nao wengi huiacha tupu au huandika "nashukuru." Kama kifua kimejaa, omba siku moja au mbili kabla ya kutia sahihi. Ukikataliwa, tia sahihi na uandike kando yake kwamba umeiona fomu lakini hukubaliani na alama, na kwamba maelezo yako yatafuata. Nenda nyumbani ukalale. Kesho yake, mwili ukiwa umetulia, andika maneno machache yenye tarehe na idadi.

Karani wetu angeweza kuandika hivi: "Ripoti ya Machi ilichelewa siku nne kwa sababu takwimu kutoka tawini zilinifikia tarehe 28. Tangu Februari nimetekeleza majukumu ya nafasi mbili, na nimeambatisha barua ya idara inayothibitisha hivyo. Naomba alama ya kipengele cha tatu iangaliwe upya, na nielezwe kiwango kinachotakiwa ili kupata alama ya nne." Hakuna tusi hapo wala kilio, na afisa wa idara ya wafanyakazi atakayeisoma atalazimika kujibu.

Nakala ya fomu ibaki nyumbani. Ukinyimwa, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kuomba taarifa zinazomhusu zinazohifadhiwa na mwingine, mwajiri akiwemo. Na ikiwa mambo yatafika pabaya hadi barua ya kufutwa itolewe, malalamiko kwa afisa wa leba hupelekwa ndani ya miezi mitatu tangu siku hiyo, ilhali kesi mahakamani hufunguliwa kabla ya miaka mitatu kwisha.