Mto Mara upakwe rangi gani?

Mwambie mtoto wa shule achore mto, mkono utaenda kwenye bluu. Wa kijiji cha Genkuru naye ni hivyo hivyo, ingawa Mto Mara, unaozitenganisha Tarime na Serengeti, masika huteremka na tope la kahawia. Jambo hilo limeniganda tangu nianze kuuwaza ukuta ambao bado haupo: ukuta wa shule pale kijijini, vijana wamekabidhiwa wachore maji na mabadiliko ya tabianchi.

Fundi wa kuchora kuta hataanza na kopo. Ataupapasa kwanza. Plasta ya saruji ikiwa mbichi, chini ya wiki nne hivi, rangi itabanduka magamba. Ataangalia mvua inapiga upande gani, na tope linaruka hadi wapi likidondokewa na maji ya bati. Sehemu hiyo ya chini ataipaka rangi ya tope tangu mwanzo, asigombane nalo. Kisha miraba kwa uzi wa chaki, ili mchoro wa daftarini ukue bila kupotoka. Wadogo watachora chini, wakubwa watapanda ngazi.

Hapo ndipo ataficha kopo la bluu. Chupa nyeupe mkononi, wote mtoni: wachote maji, wayainue juani, wachanganye rangi mpaka ifanane nayo. Udongo mwekundu uliochekechwa, njano kidogo, chokaa. Udongo wenye chuma haupauki haraka juani. Michoro myekundu ya miambani Kolo, Kondoa, iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006, imedumu hivyo. Bluu itabaki pale tu anga inapojitazama majini.

Ni zoezi zuri mno. Lakini mto huu una rangi nyingine.

Machi 2022 maji ya Mara yaligeuka meusi, samaki wakaelea wamekufa. Kamati ya Selemani Jafo, aliyekuwa Waziri wa Mazingira wakati huo, chini ya Profesa Samwel Manyele, ikataja kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Wengi hawakukubali; Nyamongo hawajasahau Mei 2009, maji yenye tindikali yalipovuja kutoka mgodi wa North Mara na kuingia Mto Tigithe, unaoelekea Mara. Na si rangi tu inayobadilika: mwanzoni mwa Mei 2024 Mto Talek, unaomwaga maji yake Mara upande wa Kenya, ulifurika ukazoa kambi za watalii.

Fundi hapendi weusi wa kopo. Anasema, kama mafundi wengi, kwamba unaua ukuta. Atauchanganya kutoka kahawia na bluu ile aliyoificha. Sawa. Ila kando ya maji hayo meusi vijana wachore nini? Ng'ombe? Kwa Wakurya ng'ombe ni mahari na heshima ya boma, naye sasa awekwe ukutani kama mshtakiwa? Wachore shimo la mgodi? Na kama aliyenunua rangi ni mgodi wenyewe, au halmashauri, nani atawaambia vijana wafute?

Mimi ningewaachia wabishane kabla ya brashi kuloa, hata kama wiki nzima itapita. Fundi angeongeza lake: sehemu ya mto isipakwe vanishi, ichorwe upya kila Siku ya Mara, 15 Septemba, kwa rangi ambayo chupa itaonyesha mwaka huo. Hesabu ya makopo ya mwaka wa pili, bado sijajua ataipeleka kwa nani.