Wimbo ni wa nani: aliyeutunga au aliyeuvumisha?

BILA shaka umewahi kuyasikia mabishano haya, msomaji. Mmeketi sebuleni Jumapili alasiri, chai iko mezani, na redio inacheza 'Malaika'. Baba anasema hakuna aliyeuimba wimbo huo kama mwenyewe, Fadhili William. Shangazi anaguna: wimbo ni wa Miriam Makeba, watu wasimdanganye! Kijana aliyerudi likizo kutoka chuoni anaapa kwamba ni wa Angélique Kidjo, kwa kuwa yeye ndiye aliyemsikia kwanza. Vikombe vinaondolewa mezani na mshindi hajapatikana.

Je, nani anasema kweli? Kabla hujachagua upande, fahamu kwamba hapo kuna maswali matatu yaliyochanganywa. Nani aliutunga wimbo? Nani aliurekodi kwanza? Na nani aliuvumisha? Mara nyingi watu hao huwa watatu tofauti.

Tuanze na yaliyo wazi. Fadhili William, mwanamuziki wa Kenya, ndiye anayetambuliwa kuwa wa kwanza kuuingiza wimbo huo kwenye santuri, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Makeba, mzaliwa wa Afrika Kusini, alikuwa akiishi uhamishoni Marekani alipouimba na Harry Belafonte katika albamu yao ya 1965, ambayo ilishinda tuzo ya Grammy. Kundi la Boney M kutoka Ujerumani liliurudia mwaka 1981. Kidjo, mzaliwa wa Benin, aliuimba katika albamu yake 'Logozo' ya 1991. Kwa hivyo, kuhusu kurekodi, baba ameshinda. Kuhusu kuuvumisha ng'ambo, shangazi ana haki ya kutabasamu.

Swali la mtunzi ndilo gumu. Fadhili alishikilia hadi kufa kwake mwaka 2001 kwamba wimbo ni wake, na jina lake ndilo lililozoeleka kuandikwa kwenye santuri. Hata hivyo, Adam Salim wa Tanzania alidai kwamba aliutunga tangu mwaka 1945, naye Lucas Tututu wa Mombasa alikuwa na dai lake. Wapenzi wa muziki wa zamani wangali wamegawanyika.

Si mzaha wa sebuleni

Huenda ukauliza, "Ikiwa wimbo ni mtamu, jina la mtunzi lanihusu nini?" Lakuhusu, kwa sababu jina hilo ndilo mkate wa mtu na watoto wake.

Mtazame Solomon Linda wa Afrika Kusini. Mwaka 1939 aliingia studio mjini Johannesburg na wenzake, akarekodi wimbo 'Mbube'. Alilipwa shilingi 10 tu na kuiachia kampuni haki zake. Wimbo ukavuka bahari. Mwaka 1961 vijana wa kundi la The Tokens waliuimba huko Marekani kwa maneno ya Kiingereza, ukashika nafasi ya kwanza. Mwaka 1994 ukasikika katika filamu ya vibonzo 'The Lion King'. Linda mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 1962, maskini. Binti zake walilazimika kwenda mahakamani, na ni mwaka 2006 tu ndipo makubaliano ya malipo yalipofikiwa.

Hapo ndipo mashabiki wengi huteleza. Mwimbaji anayerudia wimbo wa mwenzake haibi sauti yake; anaimba kwa koo lake mwenyewe. Lakini maneno na tuni anazotumia zina mwenyewe, na mwenyewe huyo anastahili mrabaha. Sheria ya Kenya hulinda utunzi wa muziki maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Hebu piga hesabu: ikiwa 'Malaika' ni utunzi wa Fadhili, basi una mwenyewe hadi mwisho wa mwaka 2051.

Zipo nyimbo ambazo watu hudhani hazina mwenyewe kabisa. Watalii wengi wanaopigiwa 'Jambo Bwana' mahotelini pwani huamini ni wimbo wa kiasili. La, hasha! Ulitungwa na Teddy Kalanda Harrison, na kundi lake la Them Mushrooms likautoa mwaka 1982. Mwaka uliofuata Boney M nao wakatoa toleo lao.

Kurudia wimbo si dhambi. Bila Makeba na Kidjo, huenda mamilioni ya watu wasingalijua kwamba Kiswahili kina wimbo mtamu wa mapenzi kama huo. Tena hakuna sheria inayokukataza kulipenda toleo la pili kuliko la kwanza. Ladha ni yako.

Kwa hivyo, mabishano yatakapozuka tena nyumbani kwako, usiyazime. Watoto na wasikilize matoleo yote, moja baada ya jingine, kisha waulize maswali yale matatu. Utashangaa jinsi wanavyotega sikio. Na mwanao akiuimba wimbo wa mtu katika tamasha la shule, mfunze kulitaja jina la mtunzi kabla ya kuanza. Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.