Kwa nini mchezo wa nyoka wa leo si ule wa kitochi

Msikilizaji aliyewahi kumiliki kitochi cha Nokia anaujua mchezo wa nyoka: 2 kupanda, 8 kushuka, 4 kushoto, 6 kulia, na nyoka anarefuka kila anapokula mpaka ajigonge mwenyewe. Ukitoka Mlangali kwenda Njombe au Makambako kununua simu janja, kisha ukautafuta, utakuta michezo mingi yenye jina hilo, lakini ule wako haumo. Ni rahisi kudhani mchezo ni kama wimbo, ambao fundi anautoa kwenye kaseti, anauweka kwenye memori kadi, na unasikika uleule. Sivyo ulivyo.

Nyoka alianza kwenye Nokia 6110 mwaka 1997, kazi ya Taneli Armanto wa Finland. Kioo cha Nokia 3310, iliyotoka mwaka 2000, kilikuwa na nukta 84 kwa 48 tu, bila rangi. Mchezo uliandikwa kwa kioo hicho, vitufe hivyo na kasi hiyo. Kampuni ya HMD Global iliporudisha 3310 mwaka 2017, kioo kipya kilikuwa cha rangi, nukta 240 kwa 320. Mchezo wa zamani ungekaa pale kama stempu kwenye bahasha. Tena baadhi ya michezo ya kale ilipima muda kwa kasi ya mashine yenyewe; mashine ikiwa na nguvu zaidi, mchezo unakimbia usishikike. Kwa hiyo Gameloft walitengeneza nyoka mwingine. Jina lilibaki, nyumba ikajengwa upya.

Vijana wa vibanda vya gemu wanaifahamu GTA San Andreas ya mwaka 2004. Ndani yake kuna redio za magari zinazopiga nyimbo za wasanii halisi, na ruhusa ya nyimbo hukodiwa kwa muda. Muda ukiisha, wimbo unatolewa. Mwaka 2014 ndivyo ilivyokuwa kwa baadhi yake.

Mwaka 2021 ilitolewa tena, na hapo mambo yakaharibika. Mvua ilionekana kama nyuzi nyeupe, mabango yakawa na herufi zilizokosewa. Kulikuwa na duka lenye sanamu kubwa ya nati ya bolti. Katika kulainisha picha, pembe zake sita zikapotea ikawa duara, na maana ya jina la duka ikapotea pia. Kampuni ya Rockstar iliomba radhi. Kwa maoni yetu, jicho la mtu mmoja aliyeucheza mchezo huo utotoni lingetosha kuiona nati ile.

Kwenye simu zetu shida iko karibu zaidi. Michezo mingi ya zamani ya Android iliandikwa kwa mfumo wa biti 32, na baadhi ya simu mpya zinapokea biti 64 pekee. Google Play nayo huzificha kwa simu mpya programu zilizokaa muda mrefu bila kusasishwa.

Kabla hujauza simu ya zamani, fungua mchezo unaoupenda na uunganishe na akaunti yako, kama una nafasi hiyo, ili hatua ulizofikia zisipotee. Usipouona dukani, usikimbilie faili linalozunguka WhatsApp. Na mchezo wa nyoka ukiomba ruhusa ya kusoma meseji zako, ambamo humo humo zimo za pesa, ufute.